Uzi: Krosiwadi ngumu za kriptiki, raha yake iko wapi hasa?

#1 MtuWaTanga

Wakuu salaam. Naleta jambo ambalo sijaona likiguswa humu.

Nafanya uuguzi Leeds, Uingereza. Zamu ya usiku ikipoa, utakuta wenzangu wawili watatu wameinamia gazeti, kalamu mkononi. Krosiwadi, lile fumbo la kujaza maneno kwenye gridi ya visanduku. Lakini si ile tuliyoizoea ya "mto mrefu Afrika, herufi tano". Hii wanaiita kriptiki, na kidokezo chake ukikisoma kama sentensi ya kawaida umeshapotea. Kila kidokezo kina vipande viwili vilivyoshonwa pamoja bila mshono kuonekana. Kipande kimoja, mwanzoni au mwishoni, ni maana ya jibu. Kinachobaki ni maelekezo ya kuliunda jibu hilohilo kwa herufi: panga upya, chomeka neno ndani ya neno, soma kutoka nyuma, chukua herufi za mwanzo tu. Kazi yako ni kugundua mshono umepita wapi.

Nimetunga mfano wa Kiswahili ili twende pamoja: "Almasi mbalimbali zimemficha mnyama mkali (5)". Ukiwaza madini umeliwa. "Mnyama mkali" ndiyo maana. "Zimemficha" inakuambia jibu limo ndani ya maneno yanayotangulia. AlmaSI MBAlimbali. Simba. Namba ya mwisho ni idadi ya herufi.

Hizo za kila siku utamu wake nauelewa. Nisichoelewa ni zile ngumu kupindukia. Iko moja inaitwa Listener, ilianza 1930 kwenye jarida la BBC la jina hilo. Jarida lilifungwa 1991, krosiwadi ikahamia The Times, na mpaka leo inatoka Jumamosi. Mtu anaweza kukaa nayo wiki nzima, na mara nyingi akishajaza gridi ndiyo kwanza kazi inaanza, kwa kuwa kuna ujumbe umefichwa humo ndani na huenda akatakiwa kubadilisha herufi alizokwisha kuziandika.

Dai langu ni hili: wanaozipenda wanapenda kudanganywa na mtu asiyesema uongo. Mtunzi anakupoteza kila hatua, halafu ukipata jibu unarudi kwenye kidokezo na kukuta kila neno lilikuwa kweli tupu. Mnasemaje?

#2 Mwanagenzi_Nai

Mkuu, mimi nasema ni klabu tu. Nimewahi kuzijaribu nikiwa chuo hapa Nairobi. Shida haikuwa akili, shida ilikuwa Uingereza yenyewe. "Baharia" anageuka AB, kifupi cha Kiingereza cha cheo chake. "Bata" anageuka herufi O, kwa sababu kwenye kriketi mchezaji aliyetoka bila kupata hata mbio moja huitwa bata. "Flower" si ua, ni mto, yaani kitu kinachotiririka, ukatafute Thames au Dee. Usipokulia huko, utajifunza hayo yote lini? Kwa hiyo raha yao ni ya kujua kwamba wewe hujui.

#3 Kasuku

Hiyo ya almasi nimeipenda. Lete nyingine tuchemke.

#4 Bi_Shufaa

Wanangu, mbona mnahangaika na Leeds? Hapa Unguja tumelelewa na jambo hili. Kitendawili? Tega! Mtegaji anatega, wengine wanategua, wakishindwa wanampa mji ndipo afichue. Na kanga je? Mwanamke anavaa jina la kanga, anapita mbele ya mlango wa mwenziwe, hasemi neno, na ujumbe umefika. Raha ya fumbo ni kwamba maneno yako hadharani na maana yake iko kwa mwenye kuielewa. Hilo tu.

#5 MtuWaTanga

Bi Shufaa shikamoo. Nakubali nusu. Kitendawili ukishindwa kukitegua, ni mpaka uambiwe. "Nyumba yangu haina mlango" mtu ambaye hajawahi kuisikia anaweza kutoa majibu matatu yanayofaa, na mtegaji ndiye anayeamua kwamba ni yai. Kriptiki haimhitaji mtegaji aamue. Jibu linajithibitisha lenyewe kwa njia mbili, maana na herufi, na zikigongana umekosea.

@Kasuku haya tatu:

a) "Kamasi zimevurugwa, lete kitoweo (6)"
b) "Mnyama juu ya nyumba (3)"
c) "Mke wa Adamu akifanywa mdogo hunywewa barazani (6)"

#6 Kompaila

Nichangie upande wa utafiti. Kuna wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Buckingham, Kathryn Friedlander na Philip Fine, waliochunguza wateguaji wa kriptiki, wa kawaida na wale hodari kabisa. Mtu angedhani hodari ni walimu wa fasihi. Waligundua kwamba wengi wana misingi ya hisabati, sayansi na kompyuta. Na walipouliza kinachowavuta, jibu lililojitokeza sana ni ile sekunde ya kung'amua, pale kitu kinapofunguka ghafla kichwani.

Mimi naandika programu, na sishangai. Kidokezo ni mstari wa msimbo wa kompyuta uliovaa nguo za sentensi. Lazima uache kukisoma na uanze kukichambua: hili ni agizo, hiki ndicho kinachoagizwa, hiki ndicho kinachotakiwa kutoka.

Kwa hiyo @Mwanagenzi_Nai, hiyo klabu unayoisema ina mlango. Misamiati ya AB na bata ni orodha fupi, unaijua ndani ya miezi michache. Ugumu wenyewe hauko hapo.

#7 Kasuku

a) SAMAKI. Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Kamasi na samaki ni herufi zilezile! Nimekula samaki maisha yangu yote sikuwahi kuliona hilo.

b) PAA. Mnyama, na paa la nyumba.

c) bado.

#8 BabuWaMlalo

Vijana hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nakuru, na mchezo huu nimeufuata tangu miaka ya sabini, gazeti likinifikia wiki kadhaa baada ya tarehe yake. Naomba nipanue hilo la mtu asiyesema uongo, maana lina historia, na historia hiyo ni ya ugomvi.

Krosiwadi yenyewe ilizaliwa Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliichapisha kwenye New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ilipovuka bahari kurudi Uingereza ndipo ikageuzwa kuwa mtego. Aliyeanza kuwatesa watu kikamilifu ni Edward Powys Mathers, ambaye ndiye aliyeitafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza kutoka Kifaransa. Kuanzia 1926 alitunga kwenye The Observer kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyokuwa ikitesa watu. Jina lilimfaa. Vidokezo vyake vilikuwa vigumu na mara nyingine havikuwa na haki: alikuelekeza huku bila kukupa kila unachohitaji.

Alipofariki 1939 akamfuata Derrick Macnutt, mwalimu wa lugha za kale, kwa jina la Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama ileile. Huyu ndiye aliyeleta sheria, na mwaka 1966 akaziandikia kitabu kizima. Mrithi wake Azed, aliyeanza 1972, alizifupisha hivi: maana sahihi, maelekezo ya haki, na kisiwepo kingine chochote. Hilo la tatu ndilo zito. Hakuna neno la kujazia. Kila neno kwenye kidokezo lina kazi.

Na kabla ya kitabu cha Ximenes, mwaka 1949, mtunzi Afrit alikwisha sema: si lazima nimaanishe ninachosema, lakini lazima niseme ninachomaanisha. Ukiishika hiyo sentensi umeshika mchezo wote.

#9 ChachaM

Msisahau walivyomshinda Hitler kwa krosiwadi. Wavunja siri wote wa Bletchley Park, kile kituo cha Waingereza cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, waliajiriwa kupitia krosiwadi ya Daily Telegraph. Na mtunzi wa gazeti hilohilo alikamatwa na kufungwa kwa kuvujisha siri za kutua Normandy.

#10 BabuWaMlalo

Chacha, punguza chumvi kijana. Januari 1942 Telegraph iliandaa shindano la kumaliza krosiwadi chini ya dakika 12, na baadaye baadhi ya walioshiriki walipata barua za kuitwa kwenye kazi ya siri. Baadhi. Bletchley ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi na wengi waliingia kwa njia nyingine kabisa.

Mtunzi ni Leonard Dawe, na alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Mei 1944 na siku ya kwanza ya Juni yalitokea kwenye krosiwadi zake maneno Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote majina ya siri ya uvamizi uliofanyika tarehe 6 Juni. Idara ya usalama ilimhoji, ikamwacha. Hakufungwa. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alisema Dawe alikuwa akiwapa wavulana gridi tupu wajaze maneno, yeye akitunga vidokezo baadaye, na wavulana hao walikuwa wakiyasikia maneno hayo kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu. Wako wanaoamini, wako wanaosema ni sadfa tu.

#11 ChachaM

Asante mwalimu. Lakini bado alihojiwa!

#12 ZungukaMuscat

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, Mungu anisamehe.

Mimi sikubaliani na Babu wala na mleta uzi. Mnasema raha iko kwenye sheria. Mtunzi aliyependwa kuliko wote Uingereza hakuwa mtumwa wa sheria hizo. Ni John Graham wa The Guardian, kasisi wa Kianglikana, aliyetunga kwa jina la Araucaria. Vidokezo vyake vilichezacheza, na watu wa Ximenes walikuwa wakimnung'unikia. Wasomaji walimpenda vilevile kama ndugu.

Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, alitoa krosiwadi yenye maelezo juu yake kwamba Araucaria ana namba 18 ya namba 19, na kwamba inatibiwa kwa namba 13 na 15. Ilibidi ukae uitegue ndipo ujue amesema nini. Waliotegua walikuta: saratani, umio, huduma ya kupunguza maumivu. Hakuitisha waandishi wa habari. Aliwaambia wateguaji wake kwa lugha waliyozoea kuzungumza naye, na kila mmoja akaipata habari peke yake, kisanduku kimoja baada ya kingine. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Nani atamwambia mtu aliyeipokea habari ile kwamba raha ni ushindani au ni hisabati? Ni ujamaa. Mtu usiyemjua anakaa nawe nusu saa kila asubuhi kwa miaka, na unaanza kumjua anavyofikiri.

#13 MtuWaTanga

Dada, hii sikuijua. Nimeisoma mara mbili.

#14 Mwanagenzi_Nai

Nami imenigusa, sibishi. Lakini angalieni: hata hiyo inathibitisha klabu. Habari ilifika kwa waliojua kutegua.

#15 Bi_Shufaa

Na mtu akiimba taarabu ya mafumbo haifiki kwa waliojua? Kila lugha nzuri ina mlango, mwanangu. Swali ni kama umefungwa kwa kufuli au umerudishwa tu.

Na lile swali la c) ni KAHAWA. Hawa, mke wa Adamu, akatiwa ka. Lakini nalikataa! Sisi udogo tunautaja kwa ki: kitoto, kijiji, kijitu. Hiyo ka yenu ya katoto na kagari ni ya bara. Kwa Kiswahili tulichofundishwa, Hawa akifanywa mdogo angekuwa Kihawa, na Kihawa hakinywewi.

#16 Kasuku

Hahaha Bi Shufaa kaifuta krosiwadi ya watu.

#17 Mwanagenzi_Nai

Bi, heshima yako, lakini Nairobi, Mwanza, Lubumbashi, kote huko ka iko hai. Hatuwezi kuitupa kwa sababu haimo kwenye kitabu cha ngeli. Kidokezo ni halali.

#18 Kompaila

Mmeingia bila kujua kwenye tatizo kubwa kabisa la kutunga kriptiki: nani ana kamusi? Waingereza wa krosiwadi ngumu walikubaliana siku nyingi kwamba mwamuzi ni kamusi ya Chambers. Neno likiwemo ni halali, hata kama hakuna mtu aliyelitamka tangu enzi za Shakespeare. Sisi tuna kamusi za TUKI, za BAKITA, tuna Johnson ya 1939, na hazikubaliani kwenye maneno mengi tu. Kabla ya kuwa na krosiwadi ngumu lazima tukubaliane kushindwa kwa kitabu kipi.

#19 Mdadisi_Moro

Mimi nina hoja nzito zaidi. Kiswahili hakiwezi. Kiingereza kimejaa maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti, na maneno ambayo ni nomino na kitenzi kwa wakati mmoja. Mtego wote unakaa hapo. Kiswahili tunaandika kama tunavyotamka, na viambishi vinamfichua kila mtu: ukiona "zimevurugwa" unajua kiima ni nini. Hakuna pa kujificha.

#20 MtuWaTanga

Paa imejificha vizuri tu. Ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, ni kwenda juu hewani, ni kuondoa magamba ya samaki. Kaa ni wa baharini, ni la moto, na ni amri. Kuhusu sauti, je, hii: "Siku ya uchaguzi kijijini kwetu husikika kama mlo (4)".

#21 Kasuku

KURA! Kwa wale wa kula na kura. Mkuu utapigwa na watu wa kanda fulani.

#22 BabuWaMlalo

Mdadisi yuko sahihi kwenye viambishi lakini ameacha tatizo gumu zaidi, nalo ni la gridi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Chora gridi ya kawaida, ambapo visanduku vinakutana kimoja na kuruka kimoja. Neno la mstari wa chini kabisa linapokea herufi za mwisho za maneno yote ya wima. Maana yake herufi yake ya kwanza, ya tatu na ya tano lazima ziwe irabu. Hivyo mstari wa chini utakuwa daima wa maneno ya sampuli moja: asali, imani, elimu, usiku, adabu, amani. Na ukingo wa kulia nao ni hivyohivyo. Mteguaji akishalijua hilo, nusu ya gridi amepewa bure. Hilo limenizuia kila nilipotaka kutunga.

#23 Kompaila

Mwalimu, hiyo ni hoja nzuri kuliko zote humu. Ila kuna njia. Wajapani hawaweki herufi kwenye kisanduku, wanaweka silabi kwa sababu maandishi yao ya kana ndivyo yalivyo. Na sisi tuweke silabi. SA-MA-KI visanduku vitatu.

#24 Mdadisi_Moro

Na "mtu" utaikata wapi? M-tu. Na "ng'ombe"? Ng'o-mbe. Mtoto wa darasa la tatu anaweza, lakini mtaanza kubishana tena kuhusu "mbwa" ni silabi ngapi.

#25 Bi_Shufaa

Silabi ndizo zetu hasa! Mnajua kinyume? Tulikuwa tukizungumza kinyume tukiwa wasichana ili wakubwa wasitufahamu: silabi ya mwisho unaileta mbele. Hakikuanza na sisi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alikwisha kukiandika kwenye kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha 1870. Watu wazima walikuwa wakizungumza hivyo kwa kasi, wala mgeni haambulii kitu.

Basi nami natega: "Siku kwa kinyume huleta upepo (4)". Na nyingine: "Mali kwa kinyume, shika jembe (4)".

#26 ZungukaMuscat

KUSI na LIMA. Bi Shufaa, umewashinda wote. Hii ya kwanza imenirudisha kwa babu yangu, alikuwa hapangi safari bila kuutaja kusi.

#27 Mwanagenzi_Nai

Na Muyaka mbona hatajwi? Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alitunga mafumbo ya siasa wakati wa mvutano wa Wamazrui na Sayyid Said. Ukisoma unaona jahazi, unaona mawimbi, na wenyewe walijua anamsema nani. Huo ndio ugumu ninaouheshimu, kwa sababu kulikuwa na jambo la kuficha. Mwingereza anaficha neno "mtungi" bila sababu.

#28 MtuWaTanga

Hapa tunatofautiana moja kwa moja. Fumbo la Muyaka leo linahitaji mtaalamu akueleze hali ya Mombasa ya wakati ule. Usipoelezwa hutafika kamwe. Kriptiki nzuri imebeba kila kitu ndani yake. Huo ndio uaminifu ninaouzungumzia. Chukua kile maarufu cha Kiingereza: "HIJKLMNO (5)". Hakuna neno hata moja. Ni herufi kutoka H mpaka O. Kwa Kiingereza "H to O" inasikika kama alama ya kikemia ya maji, H₂O. Jibu ni WATER. Au "Gegs (9,4)": ni neno "eggs" limevurugwa, kwa hiyo jibu ni mayai ya kuvuruga, scrambled eggs. Maelezo yameishia palepale. Humhitaji mtu.

#29 Mwanagenzi_Nai

Unamhitaji aliyesoma kemia na aliyekula mayai ya Kiingereza. Lakini ile ya Gegs nimeipigia saluti.

#30 Upweke_wa_Zamu

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni mlinzi, usiku, Birmingham. Nilianza na krosiwadi rahisi ili kujifunza Kiingereza, nikaingia kriptiki. Kila mtu hapa anazungumzia kupata jibu. Naomba nizungumzie kutopata.

Kidokezo kigumu unakiangalia saa nzima na hakisemi kitu. Ukienda kuzunguka jengo kinakufuata. Unakivunja upya: labda maana iko mwanzoni, labda mwishoni, labda "katika" ndiyo inayokuambia uchomeke. Ukirudi kwenye kiti, unakuta umemaliza mzunguko wote bila kuwaza madeni wala nyumbani. Kwangu ugumu wenyewe ndio dawa. Rahisi ikiisha dakika kumi, usiku unabaki mrefu. Listener sijawahi kuimaliza hata moja na bado Jumamosi naitafuta.

#31 Kompaila

Karibu mkuu. Hoja yako inawagonga kina Friedlander na mimi pia, maana kama raha ni sekunde ya kung'amua, wewe unalipwa hata kabla haijafika.

#32 ChachaM

Nje ya mada kidogo: yule mpelelezi Inspekta Morse wa riwaya za Colin Dexter jina alilipata huku. Dexter alikuwa mshindani wa kutunga vidokezo kwa Ximenes, na mpinzani wake mmoja mkali alikuwa mwanabenki Jeremy Morse. Lewis, msaidizi wa Inspekta, naye ametokana na jina la bandia la mshindani mwingine. Mwalimu hakikisha.

#33 BabuWaMlalo

Hapo uko sawa kabisa.

#34 Kompaila

Nimekaa na tatizo la mwalimu la #22 tangu jana usiku. Nimepata gridi ya tano kwa tano, maneno matatu ya mlalo na matatu ya wima, yote yanakutana. Mstari wa chini kweli ni wa sampuli aliyoitaja, sikuweza kuukwepa. Lakini imesimama. Teguweni:

MLALO
1. Salim kachanganyikiwa, hupakwa kwenye chapati (5)
4. Mita moja, kisha ng'aa kwa siku 365 (5)
5. Kasa Likoni ameficha kitu kitamu (5)

WIMA
1. Almasi mbalimbali zimemficha mnyama mkali (5), nimeazima kwa mleta uzi
2. Mbunge kwa kifupi, na kifungu cha habari, si mzuri (5)
3. Amini iliyopangwa upya (5)

#35 Kasuku

Wima 2: MB na AYA. MBAYA! Mbunge mbaya! Mods msiufunge uzi jamani.

#36 ZungukaMuscat

Mlalo 1 SAMLI. Mlalo 4: M ya mita, halafu WAKA. MWAKA. Wima 3 IMANI, na hii ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu sentensi nzima ni maana na ni maelekezo kwa wakati mmoja.

#37 Upweke_wa_Zamu

Mlalo 5 ni ASALI. kASA LIkoni. Nilikuwa nimekwama na kasa mwenyewe, nikitafuta jina jingine la kobe wa baharini, mpaka nilipoacha kumwangalia kasa.

Gridi yangu imetoka hivi:

S A M L I
I ▪ B ▪ M
M W A K A
B ▪ Y ▪ N
A S A L I

#38 BabuWaMlalo

Hongera Kompaila. Nimeikagua, maneno yote sita yanasimama. Nina mawili. Kwanza, wima 3: amini na imani ni ndugu wa mzizi mmoja, na Ximenes angesema hapo umekula bila kupika. Pili, mlalo 4: "kwa" inafanya kazi gani? Maelekezo ni M na WAKA, maana ni siku 365. Hilo neno halina kazi.

#39 Kompaila

Mwalimu, "kwa" inaunganisha maelekezo na matokeo: ng'aa kwa kupata mwaka.

#40 BabuWaMlalo

Weka nukta mbili: "Mita moja, kisha ng'aa: siku 365". Imekuwa fupi na hakuna atakayekulaumu.

#41 ZungukaMuscat

Hapana mwalimu, ukiweka nukta mbili umemwonyesha mshono. Araucaria angeiacha "kwa".

#42 Bi_Shufaa

Nami naiacha. Na ya saba kwa saba naileta mimi, ya silabi. Mdadisi, andaa hoja zako za mbwa.